Maji Yaliyozidi Nyumbani kwa Bi Annest

Pale kijijini Nant y Garreg akina Tudur ni wengi mno. Ukiita jina hilo mbele ya bucha, watu wanne watageuka, na wa tano atatoka ndani na kisu mkononi kuuliza nani kamwita. Ndiyo maana kila mtu huitwa kwa kazi yake. Kuna Huw Mkate, kuna Gwyn Posta, na kulikuwa na Heulwen Maji, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyepita nyumba kwa nyumba na sanduku la bati akipima maji yanayozunguka ndani ya rejeta za ukutani, zile zinazopasha nyumba joto.

Kazi hiyo hakuanza nayo ujanani. Miaka ishirini na miwili alikuwa katika maabara ya kiwanda cha alumini ng'ambo ya mlango-bahari, akidondosha matone katika chupa na kuandika tarakimu. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walienda kukata tikiti, wengine kutunza wazee. Heulwen alisema yeye hajui kitu kingine ila kuyauliza maji yanaumwa nini. Akasomea ufundi wa boila, mitambo ya kuchemshia maji ya rejeta, mwaka mzima, mwanamke peke yake darasani, akatoka na cheti na ulimi mkali zaidi ya ule aliokwenda nao.

Chupa za sampuli alizipanga jikoni kwake, juu ya friji, kila moja na karatasi ya jina. Mumewe Emyr, dereva wa basi la shule, hakuacha kumtania.

"Hii ya leo ni chai, au ni maji ya mchungaji?"

"Onja ujue."

"Nikifa je?"

"Nitakupima."

Mwezi wa Novemba, mwaka wa tatu wa kazi yake, alipigiwa simu na Bi Annest Pugh, mwanamke wa miaka sabini aliyekaa peke yake katika nyumba ya mwisho kabisa, chini ya machimbo ya zamani ya mawe ya kuezekea. Kaka yake, Ifor, alikuwa amefariki majira ya kuchipua. Ifor ndiye aliyekuwa akishughulikia boila, na enzi zake hakuruhusu fundi yeyote aiguse.

"Rejeta zinalia, mwanangu," Bi Annest alisema kwenye simu. "Juu ni za baridi, na ndani zinaguguma kama tumbo la ng'ombe."

Heulwen alimkuta mlangoni, mrefu, amenyooka, amefunga aproni juu ya sweta mbili. Paka wa kijivu alitangulia kupanda ngazi, kana kwamba ndiye mwenye kuonyesha nyumba. Rejeta zilikuwa sita: tatu chini, tatu juu. Heulwen alitandika kitambaa, akafungua koki ya rejeta ya sebuleni, akakinga chupa. Yakatoka maji meusi kama wino uliochanganywa na masizi.

"Yesu wangu," alisema Bi Annest. "Hayo ndiyo yanayopita ukutani kwangu?"

"Hicho ni chuma chako, Bi Annest. Kinaliwa."

Alichovya kijikaratasi cha kupimia asidi. Maji mazima hukiacha kijani. Hiki kiligeuka manjano, na kipimo chake cha umeme kikasoma tano nukta nne, chini ya saba ya maji mazima. Maji makali. Alidondosha matone ya kupima dawa ya kuzuia kutu, akisubiri rangi igeuke. Tone la kwanza tu likaigeuza. Maana yake dawa haikuwamo kabisa, na huenda ilikuwa haimo tangu boila ilipowekwa.

Siku mbili nzima aliyasukuma maji meusi nje kwa pampu mpaka yakatoka meupe. Kisha akahesabu: rejeta sita, mabomba, boila. Jumla lita sabini, si zaidi. Akatia dawa ya kutosha lita sabini, akapima tena. Rangi iligeuka kwa matone kumi na mawili, barabara. Aliandika tarakimu, akala kipande cha mkate wa zabibu kavu uliopakwa siagi nene, akaaga.

Akiwa anavaa koti, Bi Annest alimshika mkono.

"Na kule kugonga, kutakoma?"

"Kugonga gani?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Ukutani, pale juu ya ngazi."

"Bomba hilo. Likipata moto linatanuka, linajigonga kwenye boriti. Mabomba yote hufanya hivyo."

Bi Annest aliuachia mkono. "Eeh," alisema. "Na Ifor alikuwa akiniambia hivyo hivyo."

Baada ya wiki tatu Heulwen alirudi kupima. Alitegemea kukaa dakika kumi. Maji yalitoka na rangi ya chai. Kipimo kilisoma tano nukta tisa. Matone yaliyopaswa kuwa kumi na mawili yalikuwa sita.

Aliyarudia mara tatu. Sita, sita, sita.

Maji ya rejeta hayaendi popote. Yanazunguka, yanarudi, ni yale yale mwaka hadi mwaka. Dawa ikipungua nusu, basi maji yamevuja na mengine yameingizwa. Alikwenda kutazama geji ya presha: mshale ulikuwa pale pale alipouacha, juu ya alama aliyoichora kwa kalamu. Alipapasa chini ya kila rejeta kutafuta unyevu. Pakavu.

"Umeongeza maji, Bi Annest?"

"Hata sijui mnaongezea wapi."

Akatia dawa tena, matone yakafika kumi na mawili. Wiki tatu nyingine, yakawa tisa, na rangi ya chai imerudi.

Jioni hiyo Heulwen hakula vizuri. Alikaa mezani na penseli, sahani ya kitoweo cha kondoo na viazi ikipoa pembeni.

"Unapiga hesabu ya nini?" Emyr aliuliza.

"Nimetia dawa ya lita sabini. Imeenda ikajigawa katika lita mia na arobaini."

"Basi ulikosea kuhesabu."

"Rejeta sita, Emyr. Mtoto wa chekechea anahesabu sita."

"Ndiyo kusema?"

Heulwen aliutazama ule mstari wa mwisho wa hesabu. Nywele za mkononi zilikuwa zimesimama, na hakujua kwa nini, maana mbele yake hakukuwa na kitu ila tarakimu. "Ndiyo kusema kuna maji mengine ndani ya ile nyumba. Mengi kama yale ninayoyaona. Meusi, yanajichanganya pole pole na yangu. Na mimi sijui yako wapi."

Asubuhi yake alikwenda bila kupiga simu. Hakuchukua chupa. Aliweka kiganja juu ya bomba linalotoka kwenye boila, akalifuata kama mtu anayefuata ng'ombe kwa kamba: jikoni, sebuleni, chini ya mbao za ngazi, juu. Pale juu ya ngazi palikuwa na ukuta mtupu, umebandikwa karatasi ya maua ya samawati. Chini yake paka alikuwa amelala, ubavu wote umeegemea ukuta. Karatasi sehemu hiyo ilikuwa imekauka na kubadilika, rangi ya ganda la mkate, nayo ilifanya umbo refu, pana kama mlango.

Heulwen aliweka kiganja. Ukuta ulikuwa na joto la mwili.

Aligeuka. Bi Annest alikuwa amesimama ngazi ya chini, kashika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

"Bi Annest. Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Pana joto."

"Hapana. Hapawezi kuwa na joto." Sauti yake ilipanda. "Chumba kile baba alikipigilia mbao mwaka sabini na moja. Hizi rejeta zimekuja themanini na tatu. Hapawezi kuwa na joto, mwanangu, usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Njoo uguse."

Alipanda. Ilimchukua muda. Aligusa kwa ncha za vidole, kama anayegusa uso wa mtu aliyelala, na hakuuondoa mkono.

Kisha akaketi kwenye ngazi na kueleza, akimtazama paka na si Heulwen.

Walikuwa watatu: Ifor, yeye, na Mair, kitinda mimba. Mama yao alikufa Mair akiwa na miaka miwili, na Annest, wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemwoshea, ndiye aliyemtandazia gauni la kulalia mbele ya moto lipate joto kabla hajavaa. Baba yao alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuogopwa. Jumapili moja, Mair ana miaka kumi na tisa, hakwenda kanisani. Alipanda pikipiki ya kijana mmoja wakaenda baharini. Alirudi alasiri kwa miguu, mvua inamwagika. Wao wamekaa mezani wanakunywa chai. Mlango umefungwa kwa ufunguo.

"Akagonga. Tatu. Baba akasema, asifunguliwe. Ifor ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Angenyoosha mkono tu. Akagonga tena tatu. Mimi nilikuwa na kikombe hapa," aligusa kifua chake, "nikakishika tu. Kisha tukasikia viatu vyake kwenye kokoto, vinaondoka."

"Akaenda wapi?"

"Hakuna ajuaye. Walitafuta kwenye maziwa ya machimboni. Mmoja alisema kamwona Liverpool, kituo cha mabasi. Mwezi uliofuata baba alipigilia mbao chumba chake, akabandika karatasi. Jina halikutajwa tena humu. Hata baba alipokufa, hatukulitaja. Na tangu rejeta zilipowekwa, kila asubuhi ninasikia kugonga. Miaka ishirini na sita. Nikimwambia Ifor, ananiambia bomba."

"Nani alifunga hizi rejeta?"

"Ifor, na rafiki yake, marehemu sasa. Mimi nilikuwa hospitali, mapafu, wiki tano. Nikarudi nikakuta nyumba ina joto."

Heulwen alikwenda garini kuchukua patasi.

Mlango ulikuwa pale chini ya karatasi, na misumari yake haikuwa ya mwaka sabini na moja. Mtu aliing'oa ile ya zamani na kupiga mipya, kwa uangalifu, kisha akabandika karatasi ya maua yale yale. Ulipofunguka, ilitoka hewa ya moto, kavu, yenye harufu ya sufu na vumbi. Taa ya Heulwen ikaonyesha kitanda kilichotandikwa, kiti, kioo, dirisha lililozibwa kwa mbao, na vumbi laini limelala juu ya kila kitu bila alama hata ya kidole. Ukutani, kila upande mmoja, zilikuwa rejeta mbili kubwa za chuma kinene, zenye mapambo ya majani, ndefu kama mabenchi.

"Za kanisani," Bi Annest alinong'ona. "Za kanisa la Soar, lililobomolewa. Ifor alikuwa mwangalizi wa jengo."

Juu ya rejeta moja palitandazwa gauni jeupe la kulalia, mikono imenyooshwa huku na huku, kama linavyowekwa lipate joto kabla ya kuvaliwa. Kitambaa kilikuwa kimeiva rangi ya kahawia.

Bi Annest hakulia. Alisema tu, "Ifor alikuwa ananiona nikifanya hivi. Alikuwa mtoto wa kiume, hakuwa akisema kitu, kumbe alikuwa anaona."

Heulwen alipiga magoti kutazama vali zinazopitisha maji. Ifor aliziacha wazi kidogo sana, upana wa ukucha: joto lipite, na boila isionyeshe kwamba ina mzigo wa ziada. Ndiyo maana maji yalijichanganya pole pole. Heulwen alikuwa amezipata lita zake. Alipaswa kufurahi kama afurahivyo mtu hesabu yake ikikubali. Badala yake alitamani mtu mwingine angekuwapo chumbani, Emyr, au hata yule Gwyn Posta na umbea wake.

"Nitatoa hewa kwanza," alisema, ili pawe na sauti. Akaingiza ufunguo kwenye skrubu ndogo ya juu, akageuza.

Rejeta ikapumua.

Heulwen aliijua hewa ile. Chuma kikiliwa na maji makali hutoa gesi, nayo hujikusanya juu ikisubiri kufunguliwa. Mafundi wa zamani huwasha kiberiti ikawaka moto wa buluu. Ameisikia mara mia. Lakini hutoka sekunde tano, kumi. Hii ilitoka, ikatoka, pumzi ndefu iliyotulia, ikishuka na kupanda, na Bi Annest akashusha kichwa na kusikiliza kama anayesikiliza mtu akisema naye. Heulwen alitazama saa yake. Dakika mbili na zaidi. Mwishoni yalitemwa matone ya maji meusi, na kipimo kikasoma nne nukta mbili. Maishani mwake hakuwahi kukutana na maji ya rejeta makali kiasi hicho.

"Unaweza kuchagua," alisema baadaye, chai mkononi. "Nizikate hizi mbili, nizibe mabomba, na nyumba yako ibaki na rejeta sita. Au nizisafishe zote, nizifungue kabisa, na chumba kiwe chumba."

"Ukizikata kutakuwa na baridi mle?"

"Kama jiwe."

"Zisafishe," alisema Bi Annest.

Alizisafisha Alhamisi iliyofuata. Boila aliizima saa mbili asubuhi. Kufikia saa nane mchana alikuwa amekwisha kumwaga maji ya nyumba nzima hadi tone la mwisho, ndoo baada ya ndoo, matope meusi ya kanisani yakishuka bustanini. Bomba linalogonga alilipata chini ya ubao, pale penye boriti. Akalizungushia kipande cha zulia, akalibana. Mabomba yalikuwa matupu na baridi kama visu. Nje mvua imeshika, na mwanga wa Desemba umeanza kuondoka, ingawa ilikuwa bado saa tisa.

Yeye alikuwa amepiga magoti katika chumba cha Mair, anafunga koki. Bi Annest alikuwa kitini, paka mapajani.

Pakagongwa. Mara tatu.

Heulwen aliweka spana chini. Aliweka kiganja juu ya bomba. Baridi. Halikuwa na maji, halikuwa na moto, halikuwa na sababu.

"Umesikia," Bi Annest alisema. Halikuwa swali.

"Ni... mbao labda. Nimeinua ubao, unajirudisha."

Pakagongwa tena. Tatu, kwa nafasi, na safari hii ilikuwa vigumu kusema kama ni ukutani au ni chini.

Paka aliruka akaingia uvunguni. Bi Annest aliinuka. Heulwen alitaka kumwambia akae, lakini alikuwa ameshatoka chumbani. Alimsikia akishuka, ngazi moja, ngazi moja, mkono ukisugua reli. Alisikia ufunguo ukigeuka. Alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa mpaka ukagonga ukuta, na kelele za mvua zikaingia nyumbani.

Kisha sauti ya Bi Annest, ya kawaida kabisa, kama ya kumkaripia mtoto: "Ingia basi. Umelowa wewe. Ingia."

Upepo ulipanda ngazi. Heulwen aliuona ukija, akaona karatasi iliyochanika ikitikisika, akausikia ukimpita shavuni, wenye harufu ya mvua na mawe. Juu ya rejeta, lile gauni lililokauka miaka ishirini na sita liliinuka mkono mmoja, likavunjika, na kuanguka vipande vipande sakafuni, bila kishindo.

Chini, mlango ulifungwa. Hakukugongwa tena.

Aliposhuka, alimkuta Bi Annest jikoni anaweka birika juu ya jiko. Kwenye mkeka wa mlangoni palikuwa na maji, lakini mvua ilikuwa ya upepo na mlango ulikaa wazi. Juu ya meza aliweka vikombe vitatu. Heulwen alivihesabu, akanywa cha kwake. Baadaye akarudi juu, akajaza mfumo maji mapya, akatia dawa ya lita mia na arobaini, akawasha boila. Ufunguo wa kutolea hewa ulimponyoka mara mbili.

Nyumbani alimwambia Emyr kila kitu. Emyr alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakutania. Aliinuka, akazishusha chupa zote za juu ya friji, akazipeleka kibandani nje. Heulwen hakumzuia.

Wiki tatu baadaye alikwenda kupima. Maji yalitoka meupe kama ya kisimani, saba nukta nne, matone kumi na mawili. Bi Annest alikuwa amehamishia kitanda chake chumba kile cha juu, ameondoa mbao dirishani, na kutoka pale waliona maziwa ya machimboni yameganda barafu. Alisema analala vizuri. Alisema saa kumi na mbili asubuhi hupita bila yeye kujua.

Aliishi miaka minne mingine. Habari za Mair hazikupatikana. Bi Annest aliandika barua Liverpool, kwa polisi na makanisa, akajibiwa kwa upole na bila kitu. Alipokufa, nyumba ilinunuliwa na watu kutoka mji wa Caer, wakafunga mfumo mpya wa umeme, wakaziuza zile rejeta za kanisani kwa mtu anayetengeneza mahoteli.

Heulwen aliendelea na sanduku lake la bati hadi magoti yakakataa. Miaka ya mwisho alifundisha jioni mbili kwa wiki katika chuo cha ufundi. Somo la kujua wingi wa maji kwa kupima dawa ndilo alilolifundisha vizuri kuliko yote, na wanafunzi walipomuuliza kama liliwahi kumsaidia, alijibu ndiyo, mara moja, lilimwonyesha rejeta mbili zilizosahaulika. Kisha aliwaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Kazini alikuwa na tabia moja mpya ambayo wenye nyumba waliiona na kuicheka. Mtu akigonga mlango wakati yeye yuko mle, hata kama ni Gwyn Posta na gazeti, Heulwen Maji aliacha kila kitu, spana, chupa, koki inayodondoka, akakimbia yeye mwenyewe kufungua.